Akishasema "Ni Kweli": Rufaa Baada ya Kukiri Kosa Mahakamani



Jamaa za mshtakiwa husema mambo mawili wanaposimama nje ya mahakama, iwe Mwanakwerekwe au Wete. La mwanzo husemwa asubuhi, kesi bado haijaitwa: "Mwanangu, kubali tu yaishe." La pili husemwa mchana, gari ya Chuo cha Mafunzo ikishaondoka na kijana: "Hatukuridhika, tutakata rufaa." Maneno haya mawili hayakai nyumba moja. Aliyelifuata la mwanzo, mara nyingi ameshajifungia la pili kwa mkono wake, na wengi hawalijui hilo mpaka waambiwe na wakili au karani wa masjala.

Tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kwa sababu linagusa nyumba nyingi za visiwani kwetu, na kwa sababu limechanganywa na dini. Wapo wanaomhimiza kijana akiri kwa hoja kwamba Muislamu hasemi uongo. Wapo pia wanaodhani kwamba kwa kuwa fiqhi inamruhusu mtu kurudi katika ukiri wake, basi mahakama za Serikali nazo zitampa nafasi hiyo. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake, na zote mbili zinaweza kumfikisha mtu pabaya.

Sheria inavyosema

Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, katika kifungu ambacho mawakili wamekizoea kwa namba 360(1), imeweka kwamba mtu aliyekiri kosa mbele ya mahakama ya chini na akatiwa hatiani kwa kukiri kwake hana rufaa, isipokuwa juu ya ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Kenya wana kanuni hiyo hiyo katika kifungu cha 348 cha sheria yao ya mwenendo wa jinai, kwa hivyo ndugu zetu wa Mombasa na Lamu wamo katika hali hiyo hiyo. Zanzibar tuna sheria yetu wenyewe, Sheria ya Mwenendo wa Jinai Namba 7 ya 2018, na msingi wake katika jambo hili ni huo huo ambao mahakama za Afrika Mashariki zimeurithi tokea zama za ukoloni.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Katika kesi iliyosikilizwa kuna mashahidi, kuna vielelezo, kuna utetezi, na jaji wa rufaa anaweza kuyapima yote hayo akasema hakimu alikosea kumuamini shahidi fulani. Aliyekiri hakuletewa shahidi hata mmoja. Ushahidi wote uliomtia hatiani ni ulimi wake mwenyewe, na jaji hana cha kuupimia.

Kinachobaki ni adhabu. Mtu anaweza kulalamika kwamba amefungwa miaka mingi kupita kiasi kwa kosa lake la mara ya kwanza, kwamba hakimu hakuangalia umri wake, au kwamba hakuhesabiwa kule kukiri kwake mapema bila ya kuisumbua mahakama. Anaweza pia kulalamika kwamba adhabu aliyopewa haimo katika sheria, au imezidi uwezo wa mahakama iliyompa. Rufaa za namna hii hufaulu, na familia isizidharau. Lakini pale sheria ilipoweka adhabu ya chini isiyoshuka, hata mlango huu huwa mwembamba. Kule Bara, unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake si chini ya miaka 30. Kijana wetu aliyekamatwa Dar es Salaam kwa shtaka hilo, akaambiwa na wenziwe wa mahabusu akubali ili "apunguziwe", amedanganywa. Hakimu hana ruhusa ya kumshusha chini ya hapo.

Pale mlango unapofunguka

Hata hivyo mahakama za rufaa hazikuliacha jambo hili likawa ukuta mtupu. Katika uamuzi mmoja wa mwaka 1983, Mahakama Kuu ya Tanzania ilizitaja hali nne ambazo aliyekiri anaweza kusikilizwa juu ya kutiwa kwake hatiani, na Mahakama ya Rufaa imezirudia mara nyingi tokea hapo.

Hali inayofaa kufahamika zaidi ni kukiri kwenye utata au kusikokamilika. Mtu anasomewa shtaka la kumjeruhi mwenziwe, anajibu: "Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyenivamia na panga." Mwengine ameshtakiwa wizi wa baiskeli, anasema: "Ni kweli niliichukua, ni ya ami yangu, siku zote naazima." Masikioni mwa mtu wa kawaida wote wawili wamekubali. Kisheria hakuna aliyekubali. Wa kwanza ametaja kujihami, wa pili amesema hakuwa na nia ya kuiba, na kuiba bila ya nia ya kuiba hakuna. Hakimu anatakiwa aandike kwamba mshtakiwa amekana, kesi isikilizwe. Akiandika amekiri, hapo rufaa ina miguu.

Hali nyengine ni mtu kukiri kwa kukosea au kwa kutofahamu alichokuwa akikikiri. Nyengine ni hati ya mashtaka yenyewe kutoonyesha kosa lolote linalotambuliwa na sheria. Na ya mwisho ni pale ambapo hata yakichukuliwa yote aliyoyakubali kuwa ni kweli tupu, hayafiki kwenye kosa aliloshtakiwa. Mfano wake ni kijana aliyekutwa na kete za unga. Anasema "ni kweli nimekutwa nazo". Mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kesi bila ya kueleza kwamba Mkemia Mkuu ameupima unga ule na kuuona ni dawa ya kulevya ya aina gani na uzito gani. Kijana amekiri kukutwa na unga. Ni unga wa nini? Yeye si mkemia, na ulimi wake haupimi. Mfano mwengine tunaujua sote mitaani: deni la biashara lililochelewa kulipwa, mwenye pesa akakasirika, likapelekwa polisi likawa "wizi". Akikubali kwamba alipokea pesa na hajazirejesha, amekubali deni.

Utaratibu wa kupokea ukiri uliwekwa wazi na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1973, katika shauri lililotoka Kenya, na hadi leo ndio unaofuatwa. Shtaka lisomwe na kufafanuliwa kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa, pamoja na kila kiungo kinacholifanya kosa kuwa kosa. Majibu yake yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Kisha mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa aulizwe tena kama anayakubali, anayapinga, au ana la kuongeza. Akipinga jambo lenye uzito, ukiri ufutwe na kesi isikilizwe. Akishayakubali yote, ndipo atiwe hatiani.

Hatua ya maelezo ndiyo ambayo familia nyingi hazijui kuwa ipo, na ndiyo nafasi ya mwisho yenye thamani. Kijana aliyejibu "ni kweli" kwa hofu, akisikia maelezo yanasema alivunja mlango usiku na yeye anajua mlango ulikuwa wazi, aseme pale pale. Na hata akishatiwa hatiani, maadamu adhabu haijatamkwa, anaweza kumuomba hakimu abadilishe jibu lake. Hakimu halazimiki kumkubalia, lakini anao uwezo wa kufanya hivyo. Adhabu ikishatamkwa, uwezo huo umeondoka kwake.

Liko jambo moja linaloumiza nalo inabidi lisemwe. Mahakama ya rufaa haimuoni kijana akitetemeka kizimbani. Inaona karatasi. Ikiwa mwenendo wa kesi umeandika shtaka lilisomwa, likafahamika, akajibu "ni kweli niliiba", maelezo yakasomwa, akayakubali yote, basi kuja baadaye kusema "nilikuwa naogopa" au "nilidhani nitaachiwa" mara nyingi hakusaidii kitu. Majaji wanasikia maneno hayo kila wiki. Vile vile, maelezo aliyoandikishwa polisi si kitu kimoja na kukiri mahakamani. Yale ya polisi yanaweza kupingwa, na hakimu akachunguza kama yalitolewa kwa hiari. Aliyekiri mbele ya hakimu mwenyewe amelifunga jambo.

Wazee wetu hawahitaji kuelezwa maana ya mtu kusimama peke yake mbele ya mahakama. Kuanzia 1970 hadi zilipofutwa mwaka 1985, Mahakama za Wananchi hapa Zanzibar ziliendeshwa bila ya mawakili kuruhusiwa. Kesi kubwa ya uhaini ya 1973 na 1974, iliyofuata kuuawa kwa Mzee Abeid Karume Aprili 1972, ilikwenda bila ya mawakili wa utetezi, na maungamo ya washtakiwa yalikuwa nguzo yake kubwa. Leo sheria imebadilika na wakili anaruhusiwa. Lakini kwa mtoto wa mvuvi anayepandishwa kizimbani bila ya pesa ya wakili, tafauti hiyo haionekani sana.

Na iqrari katika dini?

Sasa tuje kwenye hoja ya dini. Ni kweli kwamba Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tusimamishe uadilifu hata kama ushahidi utakuwa dhidi ya nafsi zetu. Na ni kweli kwamba iqrari kwa mafaqihi ni hoja yenye nguvu. Lakini wanavyuoni hao hao wakaiwekea masharti: anayekiri awe baleghe, mwenye akili timamu, na awe amekiri kwa khiyari yake. Iqrari ya aliyelazimishwa haina hukumu. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (Allah amridhie) maana ya kwamba mtu hawi muaminifu juu ya nafsi yake akishatishwa, akifungwa au akitiwa njaa. Atakayetembelea mahabusu zetu ataifahamu kauli hiyo bila ya sherehe.

Tukitazama mwenendo wa Mtume (S.A.W.) katika kisa cha Maiz, tutaona hakuwa na haraka ya kupokea ukiri. Maiz alikuja mwenyewe kukiri zinaa, na Mtume akamgeuzia uso mara baada ya mara. Akauliza kama ana wazimu. Akamuuliza kama labda alibusu tu au aligusa, yaani alihakikisha kwamba anajua maana hasa ya kile anachokisema. Alipoadhibiwa akakimbia, na watu wakamfuata wakammaliza, Mtume aliwauliza kwa nini hawakumwacha. Na yule aliyemshauri Maiz aende kukiri, jina lake Hazzal, aliambiwa kwamba lau angemsitiri kwa nguo yake ingekuwa kheri kwake. Tunaomba kila baba na kila ami anayemsukuma kijana kizimbani kwa maneno ya "kubali tu" amkumbuke Hazzal. Na katika kisa cha mwizi aliyeletwa akiwa amekiri, Mtume alimwambia kwa maana kwamba hamdhanii kuwa ameiba, akampa nafasi ya kurudi.

Kutokana na hayo, mafaqihi wetu wa Kishafii wakasema aliyekiri jambo la hadi, ambalo ni haki ya Allah peke yake, akirudi katika kauli yake hukubaliwa. Lakini wakatenganisha: iqrari juu ya haki ya mja, kama vile deni au mali ya mtu, harudi mtu nyuma. Aliyekiri kuiba kisha akarudi, hadi humuondokea, mali ya watu haimuondokei.

Hapo ndipo lilipo kosa la wale wanaodhani wataipeleka kanuni hii Mahakama Kuu. Mahakama za jinai za Zanzibar hazihukumu kwa hudud, zinahukumu kwa sheria zilizotungwa na Baraza la Wawakilishi. Mahakama ya Kadhi inashughulika na ndoa, talaka, mirathi, wakfu na mfano wa hayo, haina mkono katika jinai. Kwa hivyo kurudi katika ukiri mbele ya Mahakama Kuu kunapimwa kwa zile hali nne tulizozitaja, wala hakupimwi kwa kitabu cha fiqhi. Na Katiba ya Zanzibar, kifungu cha 99, imeyatoa mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi yasifike Mahakama ya Rufaa ya Tanzania. Kesi za jinai hufika.

Je, kukana ni uongo? Hapa tunajibu kwa uangalifu, na mwenye hali yake maalumu amuulize mwanachuoni anayemuamini. Mshtakiwa anapoulizwa kujibu shtaka hajaapishwa. Tena sheria haimlazimishi kutamka "sikufanya" hata kidogo. Akinyamaza, mahakama huandika kuwa amekana na kesi husikilizwa. Anaweza kusema anaomba upande wa mashtaka uthibitishe, na hilo haligongani na dini, kwani katika dini pia mzigo wa ushahidi uko kwa anayedai. Anaweza kuyakubali yaliyo kweli na kuyakataa yasiyo kweli, kwani hati ya mashtaka si wahyi. Linalokatazwa kwa ukali ni kupanda kizimbani baadaye, akashika Msahafu, akaapa juu ya uongo. Na vyovyote kesi itakavyokwenda, aliyechukua cha watu anadaiwa akirudishe. Kushinda rufaa hakuhalalishi mali ya mtu.

Haki ya aliyedhulumiwa

Kuna msomaji atakayeuliza kwa nini tunawahangaikia wahalifu. Swali ni zuri, hasa katika makosa ya udhalilishaji ambayo yamewaumiza watoto wetu, na ambayo sisi wenyewe tumeyaficha kwa muhali.

Jibu ni kwamba ukiri uliopokewa ovyo unamuumiza zaidi yule mtoto. Ukibatilishwa katika rufaa, mara nyingi mahakama huamuru kesi ianze upya mbele ya hakimu mwengine. Hapo pengine imepita miaka miwili au mitatu. Mtoto aliyeanza kusahau anaitwa asimulie upya. Daktari amehamishwa. Jirani aliyeshuhudia amesafiri, au ameshapatanishwa na upande wa pili. Na ikiwa hati ya mashtaka yenyewe ilikuwa mbovu, huenda hata kesi mpya isiwezekane, kwani mahakama haziamuru kuanza upya ili upande wa mashtaka uzibe matundu yake. Kwa hivyo familia ya aliyedhulumiwa isifurahi haraka kwa kusikia "amekiri". Iangalie kama maelezo yalisomwa kamili, umri wa mtoto ukatajwa, na ripoti ya daktari ikawekwa mbele ya mahakama.

Makubaliano ya kukiri kule Bara

Kwa walio na ndugu Bara, kuna jambo jengine lililoingia mwaka 2019, nalo ni mshtakiwa kufanya makubaliano na Mkurugenzi wa Mashtaka akiri kwa kubadilishana na kupunguziwa shtaka au adhabu, au kurejesha fedha. Lilipata umaarufu Septemba mwaka huo, Rais John Magufuli aliposhauri wanaoshtakiwa kwa uhujumu uchumi wapewe siku chache za kukiri na kurejesha. Mahakama inatakiwa imueleze mshtakiwa kwamba kwa kuingia makubaliano anaiacha haki yake ya rufaa isipokuwa juu ya adhabu. Mwenye kudai kwamba alilazimishwa au alidanganywa ana njia ya kuomba hukumu iondolewe, na ombi hilo hupelekwa kwenye mahakama ile ile iliyotoa adhabu. Aliyekaa mahabusu miaka bila ya dhamana kisha akakubali ili atoke, kusema kwamba alikubali kwa khiyari kunahitaji moyo mgumu. Hayo ni maoni yetu.

La kufanya

Kabla ya siku ya kusomewa shtaka, mtu mmoja wa familia aitafute hati ya mashtaka aisome, au asomewe, neno kwa neno. Kijana aulizwe faraghani, bila ya kelele za mama na shangazi: katika haya, lipi ni kweli na lipi si kweli? Asiyemudu wakili asione haya kuomba msaada. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tokea 1992, Jumuiya ya Wanasheria Wanawake, ZAFELA, inasaidia, wasaidizi wa sheria wapo katika wilaya za Unguja na Pemba, na tokea 2018 tuna sheria maalumu ya msaada wa kisheria. Ikionekana kosa amelifanya kweli, ushahidi uko wazi na adhabu yake si ile isiyoshuka, kukiri mapema kunaweza kumpunguzia, na hatuna ubaya nako. Awe anakijua tu anachokikiri.

Ikiwa hukumu imeshatoka, siku zinahesabika tokea siku ile ile. Kule Bara notisi ya kukata rufaa ni ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, ukitoa siku za kusubiri nakala. Kwa hukumu za hapa Zanzibar, mtu aende masjala siku hiyo hiyo aulize muda wa kesi yake na aandike barua ya kuomba nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi, abaki na kopi iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Aliyefungwa naye ana haki ya kuwasilisha kupitia kwa maofisa wa Chuo cha Mafunzo, na aseme mapema kwamba anataka kukata. Nakala ikitoka, utafutwe ukurasa wa siku ya kwanza, pale palipoandikwa jibu la mshtakiwa. Mstari huo mmoja ndio wakili atakaouangalia mwanzo kabla ya kusema kama rufaa ipo au haipo. Na rufaa isipokuwepo, Mahakama Kuu bado ina uwezo wa kuliitisha jalada kwa mapitio pale panapoonekana kasoro ya wazi. Ombi hilo huandikwa kwa barua, na familia inaweza kuanza nalo.

Wallahu a'lam.